Mimba za mapema: jela miaka 20 au dawati la shule?

UZI. Kila msimu wa siasa hii stori lazima irudi. Mmoja anapiga meza kwa studio akitaka sheria kali zaidi, mwingine anasema dawa ni elimu, kisha muda wa kipindi unaisha. Hebu turudi nyuma kidogo, maana Kenya imeshajaribu njia zote mbili.

Kwanza nambari. Utafiti wa kitaifa wa afya, ule tunaita KDHS, huhesabu wasichana wa miaka 15 hadi 19 ambao wamewahi kushika mimba. Mwaka wa 2003 walikuwa 23%. 2008-09 wakawa 18%. 2014 bado 18%. 2022 wakashuka hadi 15%. Ziweke hapo kando, tutazihitaji.

Sasa sheria. Kabla ya 2006, kunajisi mtoto kulikuwa ndani ya Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kutoka kwa mkoloni, chini ya sura ya makosa dhidi ya maadili. Yaani kosa lilikuwa kuharibu maadili, si kumuumiza mtoto. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ikabadilisha hiyo. Mtoto wa miaka 11 kushuka chini, kifungo cha maisha. Wa 12 hadi 15, miaka isiyopungua 20. Wa 16 na 17, isiyopungua 15.

Lakini haikupita hivi hivi. Baadhi ya wabunge wanaume waliogopa kusingiziwa, na sheria ikatoka na kifungu cha 38: ukishtaki mtu na ionekane umedanganya, unafungwa adhabu ile ile ambayo yeye angefungwa. Fikiria msichana wa miaka 14, mjamzito, anaambiwa hiyo kabla afike kituo cha polisi. Kifungu kiliondolewa 2012. Miaka sita!

Mtu wa sheria ataniambia: si umeona, 23% ilishuka hadi 18% baada ya 2006? Sawa, lakini elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari 2003, kipindi hicho hicho. Halafu kati ya 2008-09 na 2014 vifungo vilikuwepo vyote na nambari haikusonga hata kidogo. Kwa hivyo hizo takwimu peke yake haziwezi kuamua kesi.

Bahati nzuri kuna kitu bora kuliko kubishana. Kuanzia 2003 watafiti walifanya jaribio katika shule 328 za msingi Magharibi mwa Kenya. Shule zingine wanafunzi walipewa sare za bure. Zingine walimu walifunzwa kufundisha somo la ukimwi kwa mtaala wa serikali, ambao ujumbe wake mkuu ulikuwa “jiepushe hadi ndoa”. Baada ya miaka mitatu, wasichana waliopata mimba walishuka kutoka 16% hadi 13% kule kwenye sare. Kule kwa somo peke yake, hakuna tofauti ya maana. Sare tu. Si hotuba, si jela.

Ungedhani basi masomo hayafanyi kazi. Hapana. Katika shule 71 za eneo hilo, wasichana walikaa dakika 40 wakionyeshwa ukweli mmoja ambao watu wazima hupenda kuuficha: kwamba wanaume wenye umri mkubwa ndio wana viwango vya juu vya virusi kuliko vijana wa rika lao. Mimba zikapungua kwa 28%. Hakuna aliyewaambia “msifanye”. Waliambiwa hatari iko wapi, wakaamua wenyewe.

Ndio maana mjadala wa “elimu” hunichosha. Neno moja, vitu viwili. Kuna kile kinachofundishwa, ambacho tumekigombania sana tangu Kenya itie sahihi ahadi ya Cape Town ya elimu ya ujinsia Desemba 2013. Na kuna kule kukaa shuleni kwenyewe, ambako hakuna anayekugombania kwa sababu kunagharimu pesa.

Korona ikatupa jaribio ambalo hakuna mtu angeliomba. Shule zilifungwa Machi 2020, na wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Sheria ya 2006 haikufungwa hata siku moja. Watafiti waliofuatilia wasichana wa sekondari Siaya walikuta kwamba waliopitia kufungwa huko walikuwa na uwezekano maradufu wa kushika mimba kabla ya kumaliza shule, wakilinganishwa na waliowatangulia.

Ama tazama ramani. KDHS ya 2022: Samburu 50%, Pokot Magharibi 36%, Nyeri na Nyandarua 5%. Sheria ni ile ile kaunti zote 47. Kitaifa, wasichana wasiosoma kabisa karibu wanne kati ya kumi wamewahi kushika mimba; waliovuka sekondari ni 5%. (Ndiyo, umaskini uko ndani ya hizo nambari pia.)

Je, sheria ni bure? La. Kabla ya 1994, ukipata mimba shule imeisha. Sera ya mwaka huo ndiyo ilisema msichana arudi darasani baada ya kujifungua, na mwongozo wa 2020 ukaitilia nguvu. Hiyo ni kanuni inayofungua mlango. Na mzee wa miaka 40 anayemharibia mtoto maisha kisha wazee wanamalizia kesi nyumbani kwa mbuzi wawili, huyo anafaa korti.

Shida ni nani mwingine anaingia kwenye wavu huo. 2019 Mahakama ya Rufaa ilimwachilia kijana aliyefungwa miaka 15, msichana akiwa karibu kufika 18 na wawili hao wakiishi pamoja na mtoto wao. Majaji wakashauri tujadili kama umri wa ridhaa ushuke hadi 16. 2024 Mahakama ya Juu ikasema vifungo vya chini kabisa vibaki vilivyo, kazi ya kuvibadilisha ni ya Bunge. Umri bado ni 18.