Joto chini ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa

Wadau, mkiwa Chanji mmekaa mgongoni. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, kina mita 1,470. Mashariki, ukishuka Lyamba lya Mfipa, ni Bonde la Rukwa. Kote kuwili ganda la dunia linavutwa, linakuwa jembamba, linakatika na kuzama. Tetemeko kubwa la Desemba 13, 1910 lilitokana na mambo hayo hayo.

Penye shimo mito humwaga tope. Chini ya maji ya Tanganyika limerundikana kwa kilomita kadhaa. Sasa hapa ndo kwenye utamu: ganda likiwa jembamba, joto la chini linasogea karibu, ila tope jipya la baridi linalifunika kama blanketi lililoloa. Ukipima juu utadhani hamna kitu! Joto linatorokea kwenye nyufa, ndo maana Ivuna kuna chemchemi za moto.

Tope likiiva kiasi linatoa mafuta, likizidi linatoa gesi. Amoco walichimba visima viwili bondeni mwaka 1987, Galula na Ivuna, wakatoka kapa. Lakini joto hufukuza pia heliamu kutoka miamba ya kale, nayo ilipatikana Itumbula, upande wa Songwe, mwaka 2024. Siyo ya maputo tu jamani, mashine za MRI zinaitegemea. Sasa sisi vijana wa Sumba tutaambulia nini?