Macho barabarani, akili kwenye namba

Wiki hii ni ya insha hapa chuoni, na mada niliyochagua imenikolea mpaka nimeona niwamegee kidogo: ile spidi inayoonekana kwenye kioo cha mbele cha gari, inaelea mbele ya dereva kama mzuka.

Asili yake ni bunduki. Mwaka 1900 Howard Grubb wa Dublin alibuni kifaa cha kulengea: alama inaakisiwa kwenye kioo, na mlengaji anaiona kana kwamba iko kule kule kwenye shabaha. Wazo hilo likaja kuingia kwenye ndege za kivita. Buccaneer ya Waingereza, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1958, ilimpa rubani taarifa bila kuinamisha kichwa. Mwaka 1988 General Motors wakalitia kwenye Oldsmobile Cutlass Supreme za toleo maalumu la mbio za Indianapolis 500. BMW wakafuata mwaka 2003.

Faida yake ni hesabu tu. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, kila sekunde gari linakula kama mita 28. Inamia dashibodi sekunde moja, hizo zote umezipita bila kuangalia barabara. Ndiyo maana picha ya kioo inatengenezwa ionekane mita kadhaa mbele, jicho lisihangaike kutoka karibu kwenda mbali.

Sasa hapa ndipo penyewe. Watafiti wa NASA, katika ripoti ya mwaka 1980, walieleza walivyowaweka marubani wa ndege za abiria kwenye mashine ya kuigiza urushaji. Wakati wa kutua kwa kutumia kioo cha aina hii, baadhi hawakuiona ndege nyingine iliyoziba njia. Jamani, macho yao yalikuwa yanaelekea hapo hapo! Akili ilikuwa kwenye namba.

Manake wabunifu walitatua tatizo la macho, la akili likabaki. Leo kioo kinaweza kubeba mishale ya njia, simu, hata jina la wimbo, na kila kimoja kinagombania akili ya dereva na mtoto anayevuka barabara. Mi naona mbunifu apimwe kwa vile alivyoviacha nje. Spidi, onyo, kona inayofuata, basi.

Nyie mnaonaje, wadau?