Kifungio cha Lenzi na Kamera ya Kwanza

Anayejipanga kununua DSLR yake ya kwanza huanza kwa kuulizia megapikseli. Historia ya biashara hii inaonyesha kuwa uamuzi mzito uko kwingine: kwenye lile duara la chuma mbele ya kamera, ambapo lenzi hufungwa. Nikon walianza kutumia kifungio chao cha F mwaka 1959, wakakishikilia hata walipoingia dijitali. Mwaka 1991 Kodak walitoa DCS yao ya kwanza, ya megapikseli 1.3, ambayo mpiga picha aliitumia huku amening'iniza begani sanduku la kuhifadhia picha lililounganishwa kwa waya. Bodi yenyewe hawakuibuni. Walichukua Nikon F3 ya filamu wakaitia sensa. Walikuwa wakiwalenga wapiga picha wa habari, watu ambao wengi wao walikuwa na mikoba ya lenzi za Nikon, na chombo kisichozipokea lenzi hizo kingewagharimu mara mbili.

Canon walishika njia nyingine. Mwaka 1987 waliachana na kifungio cha FD wakaleta EF, na wenye lenzi za zamani wakabaki na mali isiyoingia kwenye kamera mpya. Walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini EF iliwasiliana na lenzi kwa umeme mtupu, na mota ya fokasi ilikaa ndani ya lenzi. Kwa hiyo EOS 300D ilipotoka mwaka 2003 kwa dola 899 bila lenzi, DSLR ya kwanza kushuka chini ya dola 1,000, ilizipokea lenzi zote za EF zilizouzwa tangu 1987. Nikon nao, katika kupunguza gharama, waliitoa D40 mwaka 2006 bila mota ya fokasi kwenye bodi. Aliyejipatia lenzi nzuri ya mtumba, ya aina ambayo fokasi yake huzungushwa na mota ya bodi kupitia kijino kama bisibisi, aliikuta inafunga sawasawa na picha inatoka, ila fokasi lazima aitafute kwa mkono. Kifungio kilikuwa kilekile cha 1959, na bado hakikumtosha.

Yuko atakayesema haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa simu inatosha na kamera zisizo na kioo zimetwaa soko. Kuhusu simu, kwa mtu ambaye picha zake zinaishia WhatsApp, sibishani naye. Hoja ya pili ni nusu ya kweli. Mwaka 2018 Canon walileta RF na Nikon wakaleta Z, lakini kila mmoja aliuza na adapta ya lenzi zake za DSLR, maana walijua wateja wao hawangekubali kuanza upya. Lenzi ya EF ikipita kwenye adapta ya Canon inafokasi yenyewe kama kawaida. Adapta ya Nikon haina mota, na lenzi zilezile zilizomsumbua mwenye D40 zinabaki za kufokasi kwa mkono.