Jina la Kwanza Kutajwa

Juni 1966, klabu ya New York Mets ilikuwa na fursa ambayo klabu nyingine 19 za besiboli ya Marekani zilikuwa zikiikodolea macho: kumtaja kijana yeyote kabla ya wengine wote. Fursa hiyo ilipitia mlango wa aibu. Msimu wa 1965 Mets walipoteza mechi 112, na kanuni ilimpa aliye mkiani zamu ya mwanzo. Wakamtaja Steve Chilcott, mdakaji wa shule ya sekondari ya Antelope Valley huko Lancaster, California. Kansas City Athletics, waliokuwa na zamu ya pili, wakamchukua mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona aitwaye Reggie Jackson.

Jackson alikuja kuvusha mpira nje ya uzio mara 563 na kuingizwa katika Ukumbi wa Magwiji, Cooperstown, mwaka 1993. Chilcott aliumia bega mwaka 1967 akiwa bado ligi za chini, akaachana na mchezo mwaka 1972 bila kugusa hata mechi moja ya Ligi Kuu.

Kana kwamba hilo halikutosha, mwaka 1973 Athletics, ambao sasa walikuwa wamehamia Oakland, walikutana na Mets katika fainali ya ubingwa. Fainali ilikwenda mpaka mechi ya saba. Jackson alivusha mpira siku hiyo, Oakland wakabeba kombe, naye akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Shabiki wa Mets aliyekuwa amekaa jukwaani alikuwa akiangalia kwa macho yake kile ambacho klabu yake ilikiacha mezani miaka saba nyuma.

Jeraha hilo limerithishwa. Watu waliozaliwa miaka 20 baada ya uteuzi ule hulitaja jina la Chilcott kama vile walikuwepo. Husimulia pia maneno ya Jackson mwenyewe, aliyesema kocha wake wa chuo alimdokeza kwamba Mets walimruka kwa sababu ya msichana aliyekuwa naye, ambaye hakuwa mweusi. Klabu ilikana, ikasema ilihitaji mdakaji. Mabishano hayo hayajaisha.

Uteuzi huo huitwa drafti, na kwa msomaji wa Kiswahili neno hilo huleta picha ya wazee barazani wakisogeza vizibo vya soda. Drafti ya besiboli ni uteuzi wa zamu: kila klabu hutaja kijana wa sekondari au wa chuo, na akishatajwa, klabu nyingine haiwezi kumsajili mwaka huo. Kabla ya 1965 hapakuwa na zamu, na mwenye skauti, yaani wasaka vipaji, na mfuko mnene ndiye aliyekula. Mwaka 1964 Los Angeles Angels walimpa Rick Reichardt, kijana wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, dola 205,000 kwa kuweka saini tu, kiasi kilichozidi mshahara wa mwaka wa Willie Mays. Wamiliki wakashtuka. Walisema wanataka usawa kati ya klabu, na ni kweli usawa ulihitajika, lakini walitaka pia bei ishuke. Ikashuka papo hapo. Rick Monday, kijana wa kwanza kabisa kutajwa katika drafti ya kwanza, Juni 1965, alipata takriban nusu ya fedha za Reichardt.

Drafti hiyo ya kwanza ilitoa onyo ambalo watu wachache walilisikia. Johnny Bench, ambaye wengi humhesabu kuwa mdakaji bora wa wakati wote, alisubiri mpaka raundi ya pili. Nolan Ryan, ambaye angemaliza kazi akiwa amewatoa wapigaji 5,714 kwa kuwakosesha mara tatu, alitajwa raundi ya 12.

Katika miaka hiyo shabiki alikuwa kipofu. Uteuzi ulikuwa shughuli ya ndani, na baadaye ukawa wa simu kati ya ofisi na ofisi. Gazeti la asubuhi lilichapa majina machache katika safu nyembamba, bila picha, bila maelezo. Mtu wa Chicago angejuaje uwezo wa kijana anayecheza mbele ya wazazi 80 katika kijiji cha Oklahoma? Aliamini skauti wa klabu, au aliwalaani, lakini hakuwa na chochote cha kuwapimia.

Kipimo kililetwa na watu wa pembeni. Mwaka 1981 Allan Simpson, raia wa Kanada, alianzisha akiwa nyumbani kwake British Columbia gazeti lililokuja kuitwa Baseball America. Liliandika habari ambazo magazeti makubwa hayakuzitaka: vyuo, sekondari, ligi za chini, na orodha ndefu za vijana wanaotazamiwa kutajwa. Huko Kansas, Bill James, aliyekuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha maharage ya makopo, alishaanza mwaka 1977 kujichapishia vitabu vya hesabu za besiboli. Alipoigeukia drafti, alionyesha kwamba vijana wa vyuo walikuwa wakilipa kuliko wale wa sekondari, wakati klabu nyingi zilikuwa zikiwakimbilia hao wa sekondari. Ni jambo la kuheshimu: hoja ilitoka kwa mtu ambaye hakuwa na kiti katika chumba cha klabu yoyote, na kwa miaka mingi wenye viti hawakumsikiliza.

Shabiki naye akajifunza lugha ya skauti. Skauti humpima kijana kwa mambo matano: kuupata mpira kwa gongo, kuupiga mbali, mbio, udakaji na nguvu ya mkono. Kila kimoja hupewa alama kati ya 20 na 80, na 50 ni wastani wa Ligi Kuu. Leo mzee wa Pittsburgh atakwambia kijana fulani ana 70 ya mbio na 40 ya gongo, na mwenzake atamkatalia mpaka chai ipoe.

Kitabu cha Michael Lewis, Moneyball, kilichotoka 2003, kiliyamwaga mabishano hayo hadharani. Kilisimulia jinsi Oakland walivyojiandaa kwa drafti ya 2002 na jinsi walivyomtaka Jeremy Brown, mdakaji mnene wa Chuo Kikuu cha Alabama ambaye skauti wa zamani hawakumpenda kwa umbo lake. Brown aliishia kucheza mechi tano za Ligi Kuu. Katika drafti hiyohiyo Milwaukee walimchukua Prince Fielder, naye mnene, ambaye hata Oakland walimwona kazidi. Fielder alivusha mpira mara 319. Wafuasi wa hesabu na wafuasi wa macho wote walipata cha kuokota humo.

Televisheni ilifika 2007, na miaka miwili baadaye ukaja ushahidi mzito kuliko wote wa ugumu wa kutabiri. Mike Trout wa Millville, New Jersey, alikaa studio akisubiri huku majina 24 yakipita. Kwao baridi hufupisha msimu, kwa hiyo skauti huona mechi chache. Angels walikuwa na zamu mbili mfululizo, ya 24 na ya 25. Ya kwanza wakamtaja Randal Grichuk. Ya pili ndiyo ikawa ya Trout, mchezaji bora wa kizazi chake.

Ndiyo maana alama ambazo mashabiki huzigawia klabu siku inayofuata drafti, A kwa klabu hii, C kwa ile, hazina uzito wa kumhukumu kijana wa miaka 18. Daftari lao la muda mrefu ndilo lenye thamani. Ndani yake yumo Mike Piazza, aliyetajwa wa 1,390 katika raundi ya 62 mwaka 1988, kwa hisani ya Tommy Lasorda, kocha wa Los Angeles Dodgers na rafiki wa baba yake. Mwaka 2016 aliingizwa Cooperstown siku moja na Ken Griffey Jr., namba moja wa 1987.

Daftari hilo halina kila mtu. Drafti huwahusu vijana wa Marekani, Kanada na Puerto Rico; Waganda Ben Serunkuma na Umar Male, waliosajiliwa na Dodgers mwaka 2022, waliingia kwa mlango wa usajili huru, kama Wadominika.

Ukurasa mchungu zaidi ni wa namba moja waliosaini kisha wakaondoka bila kufika Ligi Kuu. Kwa miaka mingi ulikuwa na majina mawili: Chilcott, na Brien Taylor, mrushaji wa North Carolina ambaye Yankees walimpa dola milioni 1.55 mwaka 1991 na ambaye bega lake liliharibika katika ugomvi Desemba 1993. Mark Appel alielekea kuwa wa tatu. Houston walimtaja kwanza mwaka 2013, wakimwacha Kris Bryant achukuliwe na Chicago Cubs, ambao mwaka 2016 walibeba ubingwa walioukosa kwa miaka 108, Bryant akiwa mchezaji bora wa ligi yake. Appel alihamishiwa Philadelphia, mwili ukamgomea, na mwaka 2018 akaacha. Wengi walishamwandika kuwa uteuzi mbaya kuliko wote.

Mwaka 2021 alirudi, akaanza tena ligi za chini. Usiku wa Juni 29, 2022, akiwa na miaka 30, alitembea mpaka katikati ya uwanja wa Philadelphia kurusha ngwe ya tisa dhidi ya Atlanta. Phillies walikuwa nyuma na mechi ilikuwa inakwenda kupotea, lakini watu jukwaani walimpigia makofi. Hakuruhusu pointi hata moja.