Kitambaa cha jikoni kinachonuka: namna ya kukisafisha kwa maji na sabuni kidogo

Umeosha sahani, umezisuuza, kisha umezifuta kwa kitambaa. Baada ya muda mfupi mikono yako inanuka, na sahani nazo zinanuka. Familia nyingi katika makazi ya wakimbizi hapa Uganda, kuanzia Nakivale hadi Kyangwali, na majirani zao wenyeji, wanalijua tatizo hili, hasa miezi ya mvua. Makala hii inaeleza harufu hiyo inatoka wapi, namna ya kuiondoa, na namna ya kuizuia isirudi, bila kumaliza jerikani ya maji wala kipande cha sabuni.

Harufu inatoka wapi?

Kitambaa cha kufutia hushika mafuta, mabaki ya chakula na povu la sabuni. Kikiachwa kibichi, vijidudu hula uchafu huo na kuongezeka. Harufu mbaya ni hewa inayotolewa na vijidudu hivyo. Kwa hiyo kitambaa kinachonuka kimejaa vijidudu, na kila unapofuta sahani au meza unavipaka hapo. Baadhi ya vijidudu vinavyokaa kwenye vitambaa vya jikoni huleta kuhara, na kuhara ni hatari zaidi kwa watoto walio chini ya miaka 5.

Kunyunyizia manukato au kuongeza sabuni ya unga yenye harufu nzuri hakutibu tatizo. Sabuni isiyosuuzwa ikatoka yote hubaki ndani ya kitambaa, hushika uchafu mwingine, na harufu hurudi.

Hatua za kukisafisha

1. Kung'uta mabaki ya chakula. Kama kitambaa kina mafuta mengi, kifute kwanza kwa majivu makavu au karatasi.

2. Kifue kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ukikisugua pande zote mbili. Kwa hatua hii unaweza kutumia maji uliyosuuzia nguo, ili kuokoa maji safi.

3. Kisuuze kwa maji safi mpaka kisitoe povu tena, kisha kikamue.

4. Ua vijidudu kwa njia moja kati ya hizi mbili:

Kuchemsha. Weka kitambaa kwenye sufuria kuukuu, maji yakifunike, yachemke kwa dakika 10. Ili kuokoa kuni au makaa, fanya hivyo mara tu unapomaliza kupika, moto ukiwa bado una nguvu. Njia hii inafaa kwa vitambaa vya pamba. Vitambaa vya nailoni vinaweza kuharibika.

Klorini ya kufulia, kama Jik. Soma kwanza maandishi ya chupa. Kama nguvu yake ni asilimia 3.5, changanya vijiko 2 vya chakula katika lita 1 ya maji baridi. Kwa beseni la lita 5, pima nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Loweka kitambaa kilichokwisha kufuliwa kwa dakika 30, kisha kisuuze vizuri. Kitambaa cha rangi kitapauka.

5. Kianike juani, kimekunjuliwa chote, mpaka kikauke kabisa. Kigeuze upande wa pili.

Tahadhari kuhusu klorini

Usichanganye klorini na siki, maji ya limau au dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu inayoumiza mapafu. Fanya kazi nje au mahali penye hewa, na weka chupa mbali na watoto. Usihamishie klorini kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa sababu mtoto anaweza kuinywa. Ukipimia kwa chupa ya soda, isitumike tena kwa kinywaji. Vidonge vya kutibu maji vibaki kwa ajili ya maji ya kunywa.

Kwa nini harufu hurudi?

Mara nyingi kitambaa kilifuliwa vizuri lakini hakikukauka. Kimetundikwa kikiwa kimekunjwa, kimeachwa ndani ya beseni, au kimefunikwa juu ya jerikani. Kitambaa kinachokauka kila siku huchelewa kunuka hata kama sabuni ni kidogo. Kinachobaki kibichi hunuka hata kama kilifuliwa jana.

Kipande cha blanketi kuukuu hufyonza maji mengi lakini huchelewa kukauka. Kitenge kilichochakaa au fulana ya pamba hukauka haraka zaidi. Kata vipande vidogo na uwe na viwili kwa kila kazi: kimoja kinatumika, kingine kiko kwenye kamba.

Wakati wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, funga kamba chini ya paa mahali penye upepo. Tandaza kila kitambaa peke yake. Kama una pasi ya makaa, ipitishe juu ya kitambaa kilichokaribia kukauka.

Kila kitambaa na kazi yake

Kitambaa kilichofuta sakafu au kumfuta mtoto aliyejisaidia kisiguse sahani hata baada ya kufuliwa. Kwa kuwa vipande vya kitenge kimoja hufanana, weka alama: kona moja yenye fundo ni cha sakafu, kona mbili zenye fundo ni cha mtoto na choo, kisicho na fundo ni cha vyombo. Waoneshe watoto wanaosaidia kazi za nyumbani. Kama vitambaa havitoshi, acha sahani zikauke zenyewe kwenye kichanja cha vyombo. Hilo ni salama kuliko kuzifuta kwa kitambaa kichafu.

Kama kuna mgonjwa wa kuhara nyumbani

Vitambaa vyenye kinyesi au matapishi visifuliwe mtoni, ziwani wala karibu na bomba la maji. Vaa glovu, au mifuko ya plastiki mikononi kama huna. Mwaga kinyesi chooni kwanza, kisha fuata hatua zilizo juu, vitambaa hivi vikiwa peke yake. Maji machafu yamwagwe chooni. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Mgonjwa anayehara maji maji mfululizo apelekwe kituo cha afya mara moja, na mjulishe mhudumu wa afya wa kijiji (VHT).

Wakati wa kukiacha

Kitambaa kinachonuka hata baada ya kuchemshwa na kukaushwa juani, au kinachoteleza mkononi, kimekwisha kazi ya jikoni. Kifunge fundo kiwe cha sakafu. Kikichanika kabisa, kitupe kwenye shimo la taka. Usikitupe chooni, kwa sababu nguo hujaza shimo la choo haraka.

Kumbuka kila jioni: fua, suuza, kamua, tandaza. Asubuhi kabla ya kukitumia, kishike na ukinuse. Kama bado ni kibichi, kirudishe kwenye kamba na uchukue kile cha pili.