Kidude cha Kufungua Friwili, na Vile Fundi Wetu Alifungiwa Nje

Wasee, nilipoacha chuo, kazi ya kwanza kunilisha ilikuwa kupeleka chakula na baiskeli ya umeme. Siku moja betri ikazima katikati ya mlima. Nikasema sawa, nitakanyaga. Nikakanyaga hewani! Pedali zinazunguka, gurudumu limelala. Friwili ilikuwa imekufa.

Nikaisukuma hadi kwa fundi wa mtaa, mzee ambaye amefungua friwili tangu kabla nizaliwe. Akashika patasi na nyundo, akaangalia, akaviweka chini. "Kijana, hapa patasi ikiteleza nakukatia waya wa mota." Nilikoinunua nao wakasema ninunue gurudumu zima, na mota yake. Kwa sababu ya kipande kidogo cha chuma!

Ilibidi nichimbe historia.

Friwili ni ile sehemu ya nyuma yenye meno ya cheni. Ndani ina kucha ndogo zinazoshika ukikanyaga na kuachilia ukitulia. Ile tik-tik-tik unasikia ukiteremka ndio hizo. Kabla yake, pedali zilizunguka na gurudumu wakati wote, hata kwa mteremko, miguu upende usipende. Kuelekea mwaka wa 1900 friwili zikaenea. Shimano wa Japani walianza 1921, na walianza na friwili.

Sasa shida. Friwili imefungwa kwenye habu kama skrubu, na kila ukikanyaga unazidi kuikaza. Kuitoa, lazima uishike kwenye mapengo yake ya ndani, na kila kampuni ilichonga ya kwake. SunTour walikuwa na za mapengo mawili na za manne, Shimano wakaja na za vijino 12. Kubadilisha kampuni ni kubadilisha kifungulio.

Huku kwetu, mafundi wa Black Mamba, zile baiskeli zilizobeba watu mpaka wa Busia miaka ya 1960 hadi tukapata jina boda boda, hawakusumbuka. Patasi kwenye pengo, gonga kinyume cha saa, imetoka. Ekseli ilikuwa nyembamba na hakukuwa na waya wa kukata. Ilikuwa akili, si ushamba.

Mwaka wa 1978 Shimano wakaleta habu yenye kucha zake ndani, meno unachomeka tu. Pole pole baiskeli za bei zikahamia huko, friwili ya skrubu ikabaki kwa zile za bei ya chini. Ungedhani inaelekea makumbusho.

Kumbe mota ingeirudisha. Wazo la mota si la juzi: tarehe 31 Desemba 1895, Ogden Bolton Jr. wa Marekani alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma. Ila baiskeli hizi zilipokuja kuenea zama zetu, mota nyingi za nyuma zilitengenezwa zipokee friwili ileile ya skrubu, kwa sababu ni rahisi na bei iko chini.

Lakini ekseli ya mota ni nene. Ya kawaida ni milimita 10, ya mota mara nyingi ni 12 au 14, na waya unapita ndani yake. Kwa mota zingine unatokea upande uleule wa friwili. Kifungulio cha kawaida kina tundu dogo, kinagota kwenye ekseli kabla kufika kwa vijino. Ndio maana kukatengenezwa kingine: vijino vilevile 12, lakini tundu pana, kuta nyembamba na mwili mrefu. Hakuna uchawi mwingine.

Maoni yangu ni haya: mzee hakukosa ujuzi, alikosa tundu pana kidogo. Anayetuuzia baiskeli bila kuleta kifungulio chake anatufunga kwake, na anamnyang'anya fundi wetu kazi.

Sisi waendeshaji wanne tulichanga, tukakiagiza. Mzee alikivisha juu ya ekseli, akaweka spana ndefu, akaegemea mara moja. Krak! Imelegea. Tulimwachia kidude hicho, sasa anafungulia mtaa mzima.

Kwa hivyo kabla uulize baiskeli inaenda kilomita ngapi, uliza friwili yake inafunguliwa na nini. Na fundi wa kwenu, yeye anacho?