Fumbo la Agatha Christie: Kifo nyumbani kwa nyota wa filamu

MWANDISHI wa Uingereza, Agatha Christie, alichapisha riwaya ya The Mirror Crack'd from Side to Side mwaka 1962. Ni mojawapo ya riwaya zake zinazomhusu Bi Jane Marple, mwanamke mzee wa kijiji cha kubuni cha St Mary Mead, anayefumbua mauaji kwa kuzifahamu vyema tabia za watu.

Katika riwaya hiyo, mwigizaji nyota Marina Gregg anahamia kijijini hapo pamoja na mumewe, mwongozaji filamu Jason Rudd. Kwenye hafla ya hisani nyumbani kwao, shabiki aitwaye Heather Badcock anamsimulia Marina jinsi walivyowahi kukutana miaka mingi nyuma. Muda mfupi baadaye, shabiki huyo anakunywa kileo kilichotiwa dawa nyingi kupita kiasi na kufariki dunia.

Kileo hicho kilikuwa cha Marina, aliyempa Heather baada ya chake kumwagika. Kwa sababu hiyo, polisi wanaamini kuwa aliyekusudiwa ni mwigizaji, na wanawachunguza watu wa karibu naye. Bi Marple anashika njia nyingine: Heather alisema nini hasa?

Asiyetaka kujua mwisho wa kisa aishie hapa. Heather alijisifu kuwa siku ile ya zamani alikuwa mgonjwa, lakini alitoka kitandani, akaficha vipele kwa vipodozi, akaenda kumwona nyota wake. Ugonjwa huo ulikuwa rubela. Marina alikuwa mjamzito, na mtoto wake alizaliwa na ulemavu wa akili. Muuaji ni Marina mwenyewe.

Kisa hicho kinashabihiana na yaliyompata mwigizaji wa Marekani, Gene Tierney, aliyeugua rubela akiwa mjamzito mwaka 1943. Binti yake alizaliwa kiziwi na mwenye ulemavu wa akili. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1979, Tierney alieleza kuwa shabiki mmoja alimwambia baadaye kwamba alitoroka karantini ya rubela ili akamwone.

Mwaka 1980 riwaya hiyo ilitengenezewa filamu iliyoongozwa na Guy Hamilton. Angela Lansbury aliigiza kama Bi Marple na Elizabeth Taylor kama Marina.

Riwaya ilipotoka, chanjo ya rubela haikuwapo. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1969, na Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2014 pamoja na ile ya surua.